Picha ya Mama Beldina

Obunga, Kisumu
Jumanne, 4 Machi 2025

Kwako Mama Becky,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mathews dereva ameniambia sasa Mama anaweza kukaa kwa kiti nje bila kushikwa, na hiyo nyonga haimsumbui kama mwanzo. Nimefurahi kweli. Mwambie mkwe wake anamsalimia kutoka mbali vile inafaa.

Simu yako fundi bado anaifungua na kuifunga. Anasema maji iliingia mpaka kwa moyo. Kwa hivyo tuendelee na hii njia ya barua kama zamani tukiwa wachumba. Mathews amesema maadamu yeye analeta vitunguu soko ya Kibuye, barua si mzigo.

Hapa nyumbani niko sawa. Nakula. Kuku wako nawapatia maji.

Sasa ile chumba. Najua nilikuahidi ukirudi utapata studio ni tupu, ndio mashini zako za kushona ziingie kabla ya Pasaka. Nilianza, nimetoa viti. Lakini kumetokea jambo na nitasimama kidogo. Mama Beldina wa Usenge, mamake Gordon msimamizi wetu wa harusi, amepumzika. Nimeitwa kupiga picha ya matanga. Najua nilisema kamera nimemalizana nayo, na ni kweli nimemalizana nayo, lakini huyu si mtu wa kukataa. Nitakuwa huko siku chache, nikirudi namalizia chumba.

Usilie sana. Alikuwa mtu mzima.

Wako,
Dalmas


Kimilili
Ijumaa, 7 Machi 2025

Baba Becky,

Mulembe. Unaniambia nisilie sana, na kifo cha huyo mama umekiandika chini ya kuku. Nilisoma nikiwa nimesimama kwa lango, nikakaa chini hapo hapo kwa nyasi. Mathews aliacha gari ikinguruma akakuja kunishika.

Wewe unajua vile nilikuja kwenu. Msichana wa Kimilili, Kijaluo sijui, samaki najua ile ya hoteli peke yake. Mama yako, Mungu amlaze pema, akanipa omena, hao dagaa wenu wa ziwa, nipike siku ya wageni, na mimi nikaitia kwa sufuria vile ilitoka kwa gunia. Sikujua inaoshwa. Watu walianza kutafuna na ukasikia mchanga ikilia kwa meno. Mama yako alikuwa anafungua mdomo. Mama Beldina, mgeni, akamtangulia. Akasema hiyo omena ni yeye ameileta, na siku hiyo kwao upepo ilikuwa mbaya, wamsamehe. Halafu akala sahani yote. Yote, Baba Becky. Baadaye alinifuata jikoni akafunga mlango na akanifundisha kuosha na maji moto, na hajawahi kumwambia mtu mpaka amekufa.

Sasa nisikilize. Usichukue picha yake ya kitambulisho ukaifanya kubwa ukaiweka mbele ya jeneza. Wale watu wote kwa hizo picha zenu wanakaa kama wameshikwa na polisi. Tafuta mahali anacheka.

Ningempigia Gordon pole lakini namba yake imo ndani ya simu iliyokufa. Nimemwandikia, iko ndani ya hii bahasha, mpe mkononi. Mama ametoa jogoo. Nitakuja na akina mama wawili wa kanisa. Niambie tu siku ya mazishi.

Kula vizuri huko. Najua matanga unasahau kula.

Wako,
Mama Becky


Kibuye
Jumapili, 9 Machi 2025

Mama Becky,

Naandika nikiwa hapa sokoni, karatasi iko juu ya gunia, Mathews anapakua. Barua yako nimesoma. Ile ya Gordon iko mfukoni.

Usikuje kwanza. Mazishi imesogezwa. Watu wa familia hawajaelewana siku, unajua vile hizi mambo huenda, kuna wenye wanangojewa kutoka Nairobi. Nitakuambia. Jogoo akae huko huko ale.

Mama Beldina hangependa umwache mama yako mgonjwa juu yake. Hiyo najua kabisa.

Dalmas


Kimilili
Jumanne, 11 Machi 2025

Baba Becky,

Mama ametembea mpaka kwa mti wa parachichi na kurudi. Naanza na hiyo kwa sababu habari nyingine sijui ni ya aina gani.

Jumapili kanisa ilifanya maombi ya Mama Beldina. Mimi ndiye nilisimama nikaeleza ile ya omena. Watu walicheka halafu wakalia. Sasa kila mwenye tunakutana ananiuliza mazishi ni lini, na sina jibu.

Halafu jana Mathews alikuwa anakunywa chai hapa, akasema bila hata kufikiria, lakini mzee wako siku hizi amekuwa mtu wa maana, nilimwona Alhamisi kule Dunga ndani ya mashua na wazungu, ana kofia ya kamba, kamera shingoni, anacheka. Nikamuuliza kama ana uhakika. Akasema alikupigia honi hukusikia.

Alhamisi ulikuwa Usenge kwa matanga. Hivyo ndivyo uliandika. Dunga na Usenge si mahali pamoja, hata mimi mtu wa milima najua.

Sikuulizi na hasira. Nakuuliza kwa sababu machozi tayari nimetoa, na nataka kujua niliyatoa ya nini. Kuna mwanamke kwa hiyo mashua? Ama kuna shida Usenge hutaki nijue? Andika. Na usiandike kwa gunia. Kaa chini kwa meza.

Nekoye


Obunga
Alhamisi, 13 Machi 2025

Mama Becky,

Nimekaa kwa meza.

Mama Beldina hajafa.

Nimeiandika ya kwanza ndio hata ukirarua hii karatasi uwe umeisoma. Ako mzima, ako Usenge, na Jumamosi nimekula kwake. Mimi ndiye nilimuua na kalamu, hapa hapa kwa hii meza, kwa sababu nilitaka ruhusa ya kutoka nyumbani na sikuwa na ujasiri ya kuiomba.

Mwanamke yuko, lakini si vile unafikiria. Anaitwa Akinyi, msichana wa Dunga, picha yake ya kitambulisho nilimpiga mimi alipomaliza shule. Sasa kazi yake ni kuzungusha watu wenye kamera. Anawapeleka ziwani, anawaonyesha ndege na watu na mwangaza, anawafundisha vile picha inapigwa. Ukishatoka kwenda kwenu alikuja studio kuchapisha picha zake. Alinipata nimekaa kwa kiti, nimetazama ile pazia yetu ya kupigia picha, ya maporomoko na ndege ya Ulaya, kama mtu anangoja iruke. Akaniuliza, mzee, mara ya mwisho kupiga picha yenye ulitaka wewe mwenyewe ni lini? Nikajaribu kukumbuka. Nilifika mpaka ile ya Becky hana meno ya mbele. Becky sasa ako chuo.

Akasema kwa kikundi chake mtu mmoja ameshindwa kuja, nafasi iko, nije, nitamsaidia kuchapisha baadaye. Nilisema ndio kabla hajamaliza.

Halafu akaenda, na aibu ikaingia. Ningekuambia nini? Mimi ndiye nilikuambia simu za watu zimeua kazi, nimechoka, chukua chumba ushone. Ulifurahi. Uliagiza mashini. Sasa nikuambie mtu wa umri wangu, Dalmas Foto Studio, anaenda kufundishwa kamera na mtoto niliyemwambia ainue kidevu? Nilifikiri utasema nimekurudisha nyuma. Na matanga ni kazi moja yenye wewe hujawahi kuniuliza swali. Kwa hivyo nikatafuta mtu wa kufa. Niliweka Usenge kwa sababu siku ya mwisho ya hiyo safari tulikuwa tunaenda huko kweli. Na niliweka Mama Beldina kwa sababu Krismasi nilisikia amelazwa, nikasema kwa roho yangu, hata kama hajaenda, ako karibu. Naona aibu kuiandika hiyo lakini ndivyo nilifikiria.

Sasa wacha nikuambie hiyo safari, kwa sababu ukinihukumu nataka unihukumu na yote.

Siku ya kwanza ilikuwa Dunga, ndani ya mashua, kwa mafunjo. Tulikuwa Mjerumani mzee na bibi yake, mwalimu mstaafu wa Nakuru, na dada mmoja wa benki. Akinyi akatuambia tuweke kamera kwa mapaja, tuangalie tu. Tukakaa. Kulikuwa na yule ndege mdogo wa madoa nyeupe na nyeusi, anasimama hewani juu ya maji kama amefungwa na uzi, halafu anaanguka. Mama Becky, mimi nimezaliwa na huyo ndege. Sikuwa nimemwona tangu sijui lini. Halafu Akinyi akafunika kioo cha nyuma cha kila kamera na plasta, eti tusijiangalie kila saa. Dada wa benki karibu alie. Mimi nilicheka, hiyo ndiyo Mathews aliona, kwa sababu ndivyo tulifanya kazi enzi ya filamu. Unapiga, unangoja, unaomba Mungu.

Lakini usifikiri nilikuwa hodari. Tulipofika ufukweni akatupeleka kwa akina mama wa kukaanga samaki, kila mtu apige picha ya watu wakiwa kwa kazi. Mimi mkono ulifanya vile umezoea. Nikawaita wote. Nikawapanga. Mzee zaidi kwa kichwa, wanaomfuata huku, vijana mwisho, mikono chini, msicheke. Na katikati yao kulikuwa na mashua imeinuliwa kwa magogo. Mama mmoja ameshika kijiko cha kukaangia akaniangalia, akaangalia mashua, akaniuliza, "Baba, na huyu amelala hapa ndani ni nani wetu?"

Walicheka mpaka mafuta ikaungua. Ndipo niliona. Nimepanga watu kando ya jeneza miaka mingi mpaka sijui kupanga mtu mzima. Akinyi hakucheka. Alikuja karibu akaniambia polepole, mzee, hawa wanapumua, wafuate tu.

Nikajaribu. Siku ya pili nikajaribu, nikaharibu. Jumamosi tukaenda Usenge mapema, omena imeanikwa juu ya nyavu kuukuu mpaka ufuo wote unang'aa. Akinyi akasema tufuate mikono, si sura. Kulikuwa na mama mmoja ametupa mgongo, anageuza omena na fagio. Nikafuata mikono yake. Nikaona fundo la kidole nikafikiri, hii mkono naijua. Akainuka.

"Dalmas," akasema. "Umeleta wazungu waninunue ama waninyang'anye?"

Akaangalia nyuma yangu akiuliza, chiwa wetu ako wapi? Ni wewe anakuita hivyo bado, mke wetu. Nikasema uko kwa mama yako anaumwa. Akasema, na wewe unazurura na kofia kama ya mtalii, aibu, na akachota omena mkono moja akanirushia usoni. Alikuwa amefungua mdomo wote kwa kicheko, magamba yamemshika kwa mashavu, na jua lilikuwa chini, limeingia kutoka upande. Nilibonyeza. Sikumwambia asimame wala ainue kidevu.

Nilijua hapo hapo. Hata kabla ya plasta kutolewa nilijua. Moyo ilikuwa inanigonga kama siku ile nilikupiga wewe picha ya kwanza. Na kwa wakati huo huo nikajua hiyo picha siwezi kukuonyesha. Mtu wa pekee duniani nilitaka aione ni wewe, na ni picha ya mtu niliyekuambia amekufa.

Akatuita kwake tukala. Sikuweza kumeza. Alifikiri ni mfupa akanipiga mgongo.

Kesho yake nikapata barua yako ya machozi, na badala ya kusema, nikaongeza uongo mwingine juu ya gunia. Huo ndio unaniuma zaidi, kwa sababu wa kwanza nilikuwa mwoga, lakini wa pili nilikuwa nimeshamwona mzima na nimekula samaki yake.

Chumba nitatoa. Kamera ukisema niuze nitauza, sitabishana. Ningekupigia kwa simu ya jirani yenu lakini siku zote ukisikia sauti yangu unajua, na nilitaka ujue yote, si nusu.

Nisamehe. Kama huwezi saa hii, nitangoja.

Dalmas


Kimilili
Jumapili, 16 Machi 2025

Baba Becky,

Barua yako nimesoma, halafu nikamsomea Mama. Mama amecheka mpaka nyonga ikamuuma, na sasa hiyo pia ni juu yako. Mimi sijacheka. Nilicheka baadaye, kwa ile ya mashua na jeneza, lakini nilikuwa peke yangu jikoni kwa hivyo usihesabu.

Nataka uelewe kitu yenye imeniuma. Si safari. Si Akinyi. Miaka yote hii nimekukataza wapi? Uliniuliza swali ndani ya kichwa chako, ukajijibu na mdomo wangu, na jibu ukaniwekea baya. Ukanifanya polisi wa nyumba, na mimi sikujua nimeandikwa hiyo kazi. Ungesema tu, Nekoye, kuna msichana anafundisha picha kwa mashua, nataka kwenda. Ningekucheka. Halafu ningekufulia ile shati ya buluu.

Na tangu lini mimi nilisema uuze kamera? Wewe ndiye ulisema umemalizana nayo, nikakuamini. Mimi ninakuamini, Baba Becky, ndio shida.

Chumba nakitaka. Hiyo sibadilishi, usifikiri kwa vile moyo umeanza kugonga nitasema kaa nacho. Nimeshona kwa kona ya kitanda muda mrefu. Kama hii kamera yako mpya ya kufuata watu ni ya kweli, haihitaji pazia.

Sasa kuna kazi moja. Utaenda Usenge. Utamwambia Mama Beldina na mdomo wako, Gordon akiwa amekaa hapo. Utawasomea ile barua yangu ya pole, kwa sababu nilimaanisha kila neno na sitaki ioze mfukoni. Jogoo Mathews anakuletea. Kanisa nitaongea nao mimi, hiyo aibu nitakubebea. Hii nyingine beba.

Usiniandikie ni lini nitarudi mpaka hiyo ifanyike. Kuwa hapa Pasaka ama kuwa huko, sijui bado.

Na utume hiyo picha.

Nekoye


Obunga
Jumapili, 23 Machi 2025

Mama Becky,

Nimeenda. Nimerudi jana.

Jogoo wa mama yako alipiga kelele kutoka Kisumu mpaka Usenge, kila mtu barabarani alijua nimetumwa. Mama Beldina alikuwa amekaa mlangoni anachagua mchele. Gordon alikuwa chini anashona wavu. Nilisalimia, nikapewa kiti, nikaanza kuzunguka. Nikaongea mvua. Nikaongea bei ya omena. Mama akaniangalia akasema, "Dalmas, mtu haleti jogoo kwa sababu ya mvua."

Nikasema. Yote, vile nilikuandikia, hata ile ya kufikiri ako karibu.

Gordon aliweka wavu chini. Akatoka, akaenda akasimama kwa mashua, tukamwona mgongo. Mimi nilifikiri imeisha, tulisimamiana harusi na sasa imeisha. Alirudi baada ya muda na hakukaa. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Krismasi mama alikuwa amelazwa, mimi nimekaa nje kwa benchi," akasema. "Ulisikia. Umesema mwenyewe ulisikia. Hukuja. Halafu unakuja kumzika kwa karatasi."

Nilisema tu ni kweli. Hiyo hata kwako sikuwa nimeikiri, kwamba nilisikia na nikakaa kwa kiti yangu nikitazama pazia. Nilikuwa nimezoea kuitwa mtu akishakufa.

Mama Beldina alikuwa bado anachagua mchele kwa mapaja. Mwishowe akaniuliza nilimuua na nini. Nikasema sikuandika. Akasikitika kweli kweli. Akasema hata ugonjwa sikumpatia, nimemtoa tu hivyo kama taa. Halafu akauliza nani alilia.

Nikatoa barua yako nikasoma. Ile ilikuwa ya Gordon, lakini umeandika mambo ya mama zaidi. Nilipofika kwa mchanga akanikatiza akasema ile haikuwa mchanga kidogo, ilikuwa ufuo wote, na alikaa siku mbili akisikia meno yake ikiongea. Halafu akaniambia niendelee. Nilipofika pale umesema hukuwahi kupata njia ya kumshukuru kwa sababu kushukuru ilikuwa ni kufichua siri, alifunika uso na leso. Tulikaa. Gordon alikaa pia, kwa kizingiti, karibu na yeye. Akamwambia mamake kwa Kijaluo kwamba hakujua hiyo hadithi. Mama akasema ungejuaje, ilikuwa yetu.

Jogoo tulimla. Gordon mwenyewe ndiye alichinja, na aliniangalia akichinja, sitakudanganya nilisogea.

Baada ya kula Mama Beldina akasema kwa vile nimeshamwanza, nimalize. Anataka picha ya kuwekwa mbele siku yake ya kweli, na anataka aichague akiwa na macho. Nikatoa kamera. Nikampiga akikuna kichwa, akimfukuza paka, akimgombeza Gordon asikunje uso. Lakini tulipoangalia zote, Gordon akasema ile ya omena. Ile ya kwanza. Akasema hiyo ndiyo sauti yake. Mama akasema ataogopesha waombolezaji. Gordon akasema waogope.

Mkono Gordon hajanipa bado. Lakini nikiondoka alinisindikiza mpaka barabarani, na bila kuniangalia akaniambia kuna mzee wa Usigu, mjomba wake, hajapigwa picha yoyote isipokuwa ya kitambulisho, na hiyo amefunga macho. Akasema niende nimpige kabla sijaitwa. Naenda wiki hii. Akinyi naye amesema safari ijayo niende nikae na wale wanaoanza kamera, niwaonyeshe kungoja. Nimemwambia nitamuuliza mke wangu. Kwa hivyo nakuuliza.

Chumba ni tupu. Taa nimeuzia kijana wa picha za harusi. Pazia nimempa Naswa, yule jirani wa nguruwe, azibe paa. Nguruwe wa Obunga sasa wanalala chini ya maporomoko na ndege ya Ulaya. Nimepaka ukuta rangi nyeupe na nimefungua lile dirisha lenye niliziba zamani ndio giza iwe ya kutosha. Kumbe linatazama upande wa asubuhi. Utaona uzi vizuri kuingiza kwa sindano.

Picha iko ndani ya bahasha. Sijaandika nyuma.

Wako kama utakubali,
Dalmas


Kimilili
Jumatano, 26 Machi 2025

Baba Becky,

Picha imefika. Nilifungua bahasha jikoni nikasikia kicheko chake, sikuambii uongo, nikageuka. Mama ameiomba akae nayo kidogo kwa ukuta. Anasema huyu mtu anamcheka yeye, na ni sawa. Jana jioni nimeipeleka kwa maombi ya kanisa pia, nikaeleza. Mchungaji aliitazama halafu akasema basi ni maombi yenye yamejibiwa haraka sana. Kuna wenye hawajafurahi. Ni sawa, hao ni wangu.

Swali lako, ndio. Nenda na Akinyi. Unaona vile haikuwa ngumu.

Gordon mwache. Atakupa mkono siku anataka. Wewe endelea tu kwenda.

Mama sasa anapika chai yake mwenyewe na ananifukuza jikoni. Jumamosi natoka hapa na Mathews. Nitapitia Usenge kwanza, nilale huko, nimshukuru huyo mama waziwazi sasa siri imekwisha. Wewe usikuje, hiyo ni yangu na yeye. Jumapili niko nyumbani.

Lakini kabla sijafika, Baba Becky. Kama kuna jambo lingine lolote uliniambia na si kweli, hata dogo, niandikie sasa, Mathews anapita kwako kesho. Nikiwa huku bado moyo umepoa. Nikishafika sitaki kukuta kitu.

Wako,
Mama Becky


Obunga
Alhamisi, 27 Machi 2025

Mama Becky,

Nimekaa kwa meza tena. Mathews yuko nje ananiita, anasema vitunguu vinaota mizizi.

Iko moja.

Siku ya kwanza nilikuja kwenu kuonekana, mama yako aliniwekea ugali na murere. Sikuwa nimewahi kula hiyo mboga. Nilichota, ikanyooka kutoka kwa sahani mpaka mdomo kama uzi. Wajomba zako wote walikuwa wameacha kula wananiangalia. Na wewe ulikuwa umesimama mlangoni na jagi ya maji, umeniangalia uso, hujapumua. Nikameza. Nikasema ni tamu, naomba niongezewe.

Ulicheka vile sijawahi kukuona ukicheka. Na tangu tuoane umenipikia murere kila Jumapili.

Mama Becky, siipendi. Inateleza. Inashuka kabla sijaamua. Sijaipenda hata siku moja, na kila Jumapili nimesema ni tamu na nimeongezewa.

Nyingine hakuna. Nimetafuta kila mahali.

Jumapili ukifika, pika hiyo hiyo. Nitakula yote. Lakini kaa hapo mbele yangu, uangalie uso wangu vizuri, na safari hii usiniongezee.

Wako,
Dalmas